Gurudumu la Hamsta: Pima Kabla Hujalipa

Gurudumu la hamsta kukimbilia linalokuja na kizimba kidogo cha dukani huwa dogo mno, mara nyingi sentimita 12 hadi 14. Hata ukikipenda kizimba, weka kando pesa za gurudumu jingine. Hamsta wa Syria akishakomaa anahitaji kipenyo cha sentimita 28 au zaidi. Wale wadogo kama Roborovski na Campbell, angalau 20. Nenda dukani na tepu upime ndani, ukuta hadi ukuta, maana kipimo cha kwenye boksi huenda kimejumuisha stendi.

Ukishalifunga, mtazame kwa ubavuni akikimbia. Mgongo unatakiwa unyooke. Ukibonyea katikati, kichwa na matako yakainuka, gurudumu ni dogo. Hamsta hukimbia kilomita kadhaa kwa usiku mmoja, na uti wa mgongo ndio unaoumia.

Pa kukanyagia pawe pamezibwa kabisa. Kwenye fito za waya mguu huteleza ukaingia katikati huku gurudumu bado linazunguka kwa kasi, na mfupa wake mwembamba unavunjika. Wavu nao hukwaruza nyayo. Mkojo ukiingia kwenye mikwaruzo, vidonda huvimba na usaha. Kufunika fito kwa kadibodi hakusaidii sana, kwani ataitafuna na italowa.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni stendi. Kama upande anaoingilia una spoku zinazozunguka karibu na nguzo iliyosimama, kichwa au mguu ukipita hapo unabanwa kama kwenye mkasi. Chagua lililoshikwa upande wa nyuma tu, mbele wazi.

Ukikosa saizi madukani, mafundi wa mbao wa Ngong Road, Nairobi, wanaweza kukutengenezea. Agiza duara la plaiwudi la sentimita 30 kwa nyuma, pete ya kipenyo hichohicho kwa mbele yenye ukingo wa sentimita 2, na ukanda wa plaiwudi nyembamba wa upana wa sentimita 10 uzungushwe kwa nje. Kipenyo cha ndani kitabaki 30. Gundi iwe ya maji, na fundi asipake vanishi. Kwa kumzuia asiteleze, bandika koki, ile ya vizibo vya chupa. Usibandike msasa, utamchubua nyayo. Beringi namba 608, yenye tundu la milimita 8, itafute kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road. Usiiache: mhimili usio na beringi hupiga kelele usiku kucha, na kwenye bedsita hakuna pa kukimbilia. Likianza kulia, tia tone la mafuta ya nazi, si grisi ya gari.

Lisimamishe juu ya kipande cha ubao au kigae, kwani maranda yakirundikana chini yake linakwama. La plastiki lioshe kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na siki kidogo. La mbao lifute, kisha likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Likianza kunuka mkojo hata likiwa kavu, badilisha ukanda.