Kabla ya Kumpanda Farasi, Ipite Njia kwa Miguu

Watu huniuliza njia nzuri za kupanda farasi huku Usa River, karibu na Arusha, ziko wapi, kana kwamba zimewekewa vibao. Uingereza farasi ana njia zake zinazotambuliwa na sheria. Sisi tunapita njia za ng'ombe, barabara za mashamba ya kahawa na kingo za mifereji, na kila moja ina wenyewe.

Hilo nililijua kwa hasara. Jioni moja, upepo ukishuka kutoka Mlima Meru, nilikata kona nikakutana na turubai la bluu lililoanikwa mahindi. Upepo ukanyanyua pembe moja tu. Farasi jike niliyempanda, mpole hata watoto humshika pua, aliruka, akayakanyaga mahindi yote, akatimka nami nimeng'ang'ania singa. Niliporudi, mama mwenye mahindi alikuwa anaokota punje mavumbini. Hakugomba. "Mwanangu, hodi ilikushinda?" Nililipa madebe mawili, na aibu juu.

Tangu hapo njia mpya naipita kwanza kwa miguu. Natazama nyaya, mashimo, mbwa, na bodaboda wanakokatiza. Nasalimia, naeleza nitapita lini. Siku ya farasi, nikikaribia mji wa mtu mzima, nashuka. Shikamoo ya juu ya tandiko ni kama kumwagia mtu maji kutoka darini.

Ukikutana na kundi la ng'ombe, simama pembeni uwaache wapite. Njia ni yao. Watoto waambie mapema wasikimbilie nyuma: farasi haoni kilicho nyuma ya mkia wake, naye hupiga teke kwanza.

Masika mimi huwa sitoki mbali. Udongo unateleza, mifereji imejaa, tena kuna visubi, vidogo kuliko mbu, vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia huubeba bila kuonekana mgonjwa. Farasi wengi hufa. Visubi hivyo huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, kwa hiyo jua likizama farasi wangu yuko bandani.

Na kurudi, usikimbie hata akitaka. Akishazoea kukimbilia nyumbani, hatamu hazitamzuia. Kilomita ya mwisho mimi hushuka, nikalegeza mkanda wa tumboni, tukatembea wawili. Kwa yule mama hupita hivyo hivyo, nikipiga hodi kabla ya kona.