Jibu: Mtepe uko wapi Lamu?

Salaam ndugu. Umesema uliingia Ngome ya Lamu na mwanao anayependa vyombo vya bahari, mkatoka bila kuona mtepe, kile chombo cha kale cha tanga. Mliingia jengo silo. Ngome, iliyokamilika 1821, ni kitu kingine. Makumbusho ya Lamu yako mbele, yanatazama bahari. Kwanza muulize mlangoni kama tiketi ya ngome inafaa na huko.

Ndani mtakuta vyombo vidogo vya mfano. Mwinamishe mtoto karibu na mtepe atazame mbao: hazina msumari hata mmoja, zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake ni la mkeka. Mimi hapo husimama sana, maana mtepe wa kale uliobaki majini haupo tena. Siwa za Lamu na Pate, zile pembe kubwa za kupulizwa, msizipite.

Kisha, kama maji yamejaa, chukueni boti mpaka kijiji cha Matondoni. Huko mafundi bado wanaunda majahazi ufukweni. Siku niliyompeleka mpwa wangu, fundi alikuwa akikalafati, anashindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao. Salimieni kwanza, na ombeni ruhusa kabla ya picha.