Kutaja majina ya wakwe hakutoshi: lini mahakama za India zifute kesi za mahari

Nchini India, upande wa mwanamke ndio unaodaiwa mahari. Tangu 1983, kumtesa mke ili kwao walete mali ni jinai, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3 pamoja na faini. Kifungu kilichozoeleka ni 498A cha sheria ya zamani ya jinai. Tangu Julai 1, 2024 nafasi yake imechukuliwa na vifungu vya 85 na 86 vya sheria mpya ya jinai. Kosa hili halimgusi mume peke yake. Ndugu zake nao hushtakiwa, na hapo maelezo ambayo mke huandikisha polisi huanza kujaa majina: mama mkwe, mawifi, mashemeji, hata binamu wa mji mwingine, wote kwa sentensi moja: "walinitesa wakidai mahari".

Kwa maoni yetu, sentensi hiyo pekee haifai kumpandisha mtu kizimbani. Ukitajwa, au ukiwa wakili wa aliyetajwa, chora jedwali, kila mshtakiwa na mstari wake. Alifanya nini? Mwezi gani, wapi? Alidai fedha kiasi gani, gari au dhahabu? Mstari uliobaki mtupu ndio hoja yako.

Ombi la kufuta kesi hupelekwa Mahakama Kuu ya jimbo, kwa kifungu cha 528 cha sheria mpya ya mwenendo wa jinai (zamani 482). Kipimo cha tangu 1990 ni hiki: tukichukua yote yaliyoandikwa kuwa kweli, je, kosa lipo? Wengi huharibu hapa. Hujaza ombi kwa utetezi, kwamba mke ni mwongo au majirani wako tayari kusema. Jaji hapimi mashahidi katika hatua hiyo. Ambatisha tu nyaraka ambazo upande wa pili hauwezi kuzipinga. Na kama mume ana tuhuma mahususi, ombi la ndugu liwe peke yake, lisizame pamoja na lake.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilimwondoa kwenye kesi wifi aliyeishi mji wa Surat wakati wanandoa walikuwa Mumbai. Mwaka 2022, kwenye kesi ya jimbo la Bihar, ilikataa tuhuma za jumla dhidi ya wakwe, na Desemba 2024, kwenye kesi ya jimbo la Telangana, ikasema kutaja majina ya ndugu bila kitendo mahususi kukomeshwe mapema.

Lakini umbali si kinga. Dai la fedha huweza kutolewa kwa simu kutoka popote, na ujumbe wa shemeji unaotaja kiasi unatosha kesi kuendelea. Vivyo hivyo risiti ya benki ya fedha zilizotumwa baada ya vitisho, au cheti cha daktari chenye tarehe. Mahakama inayofuta kesi yenye vitu hivyo inamtupa mwanamke aliyeteswa kweli.

Kwa hiyo, dada unayeandika maelezo, wataje wachache waliofanya, kila mmoja na kitendo chake. Tarehe kamili ukiisahau, sema "wiki ya Diwali" (sikukuu ya Wahindu) au "baada ya mtoto kuzaliwa". Orodha ndefu humpa wakili wa upande wa pili mlango, na yule aliyekupiga hujaribu kupita humo humo.

Mke akifa kifo kisicho cha kawaida ndani ya miaka 7 ya ndoa, kifungu ni kingine: 304B zamani, sasa 80. Ushahidi ukionyesha aliteswa kwa mahari muda mfupi kabla ya kufa, sheria humdhania mtesaji kuwa ndiye aliyesababisha kifo. Hata humo, itajwe ni nani aliyefanya mateso hayo.