Usimtie Dume Mgeni Ijumaa Jioni

Wadogo zangu wa fildi, jana nimemkuta mmoja wenu kwenye chumba chetu cha kuzalisha panya wa utafiti ananing'iniza jike kwa ncha ya mkia, anamtafutia kizimba cha kuhamia kwa kuwa kwao wamejaa. Nilimpokonya bila kufoka. Nilishindwa kufoka kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza hapa Morogoro.

1. Panya shamba tunaowafuga hapa si panya weupe wa maabara. Mweupe atakuvumilia ukijifunza. Huyu atakuuma kwanza, mjuane baadaye. Vaa glavu. Mkia ushikwe kwenye shina, maana ngozi ya nchani huchunika ikabaki vidoleni mwako.

2. Hesabu siku. Mimba ni kama siku 23, kuachisha ziwa siku ya 21, na jike hupandwa tena mara tu baada ya kuzaa. Ukichelewa kutoa watoto, wadogo zao wanazaliwa juu yao. Jike wa panya mweupe ana chuchu 12, huyu anaweza kufika 24. Mungu hakumpa zote hizo za urembo.

3. Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kizimba kimoja kilifiwa na dume. Majike watatu walibaki, wawili wananyonyesha kwenye kiota kimoja, kama kawaida yao. Ijumaa, saa kumi na nusu, nina harusi ya binamu, nikaona nisiache kizimba bila baba. Nikachukua dume mzima kutoka jirani, nikamtumbukiza, nikafunika, nikaenda kula pilau.

Jumatatu dume alikuwa amekufa, mgongo umechanwa. Vichanga hakuna hata mmoja, mikia tu kwenye maranda. Hawa wakikua pamoja wanaishi kwa amani ajabu, ila mtu mzima mgeni kwao ni mwizi. Dume wa kundi jipya huunganishwa na majike wangali wadogo, muda mfupi baada ya kuachishwa ziwa, kwenye kizimba kisafi ambacho hakina harufu ya mwenyewe. Nilifundishwa hayo. Yamo kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kuua panya kulikuwa nusu tu ya kosa. Nusu ya pili ni kalamu. Kwenye rejesta niliandika: "Vifo vya ghafla, sababu haijulikani." Mzee wetu akasoma, akafanya ambacho mtu makini angefanya: akafunga chumba kizima kwa hofu ya ugonjwa. Hakuna panya kutoka wala kuingia. Dada mmoja wa uzamili alikuwa anasubiri majike wa rika moja kwa jaribio lake. Kila siku iliyopita waliendelea kukua mbele ya macho yake, na kila asubuhi alinisalimia vizuri tu. Chai haikupita kooni. Siku ya nne Mzee akaniita, mzoga wa kwenye friza uko mezani, akanionyesha majeraha kwa ncha ya koleo: "Kijana, ugonjwa huu una meno?"

Nilisema yote. Hakunifukuza. Alinipa vizimba vya kuosha, mwezi mzima.

4. Chupa ya maji: gusa mdomo wake kwa kidole uone tone, usiridhike kwamba imejaa.

5. Ukisafisha penye vichanga, acha konzi ya kiota cha zamani.

6. Panya wa mtegoni haingii chumba cha uzalishaji, hata awe mzuri kiasi gani, hata mtafiti aje na haraka zake. Virusi vya Morogoro, ndugu wa vile vya homa ya Lassa huko Afrika Magharibi, vimepewa jina la mji huu kwa kuwa vilipatikana kwa panya hawahawa wa mashamba yetu. Karantini kwanza, porojo baadaye.

Na wewe wa jana, jike mrudishe kwao, kisha uniletee kadi ya kile kizimba. Nimeipitia. Haina tarehe hata moja.