Tusiishie kulalamika kuhusu patenti za programu, tupeleke ushahidi

Kila ikitoka patenti ya ajabu ya programu (haki ya kisheria ya kuzuia wengine kutumia mbinu fulani), sisi watu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, tunafanya kilekile, tunaposti kwa hasira, "hii tulikuwa nayo zamani sana", watu wanalaiki, basi imeisha hiyo. Mkaguzi wa patenti, ambaye hatakiwi kupitisha ombi la kitu kilichokwisha kujulikana, hajui hata kama tumesema kitu. Mimi nasaidia kutunza laibrari moja ndogo ya programu huria (msimbo ambao programu nyingine huutumia), na siku moja nikakutana na ombi la patenti la kampuni fulani linaeleza karibu hatua kwa hatua njia ya kusawazisha mafaili kati ya kompyuta mbili, njia ambayo kundi letu lilishaijadili kwenye barua pepe miaka mingi kabla. Ushahidi tunao kabisa, ila uko mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Maana mkaguzi ana muda mfupi kwa kila ombi, na sehemu kubwa anatafuta kwenye patenti za zamani na majarida. Anataka kitu chenye maelezo yanayosomeka, chenye tarehe ya kuaminika, na ambacho siku ile mtu yeyote angeweza kukipata. Sasa vitu vyetu viko wapi? Viko ndani ya msimbo, kwenye soga, kwenye ripoti ya hitilafu yenye kichwa "haifanyi kazi". Hapo atavipataje?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ukitoa toleo jipya lenye mbinu mpya andika aya mbili tatu kwa lugha ya kawaida: tatizo lilikuwa nini, programu inafanya nini kwanza, inafuata nini, na njia zingine ambazo zingewezekana hata kama hamkuzitumia. Hizo njia zingine msiziache, maana ndizo mtu anaweza kuja kuziombea patenti kesho. Halafu hifadhi ukurasa huo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za mtandao pamoja na tarehe, na msimbo upeleke Software Heritage, hifadhi ya msimbo. Usitegemee tarehe za Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) peke yake, mtu anaweza kuziweka anavyotaka, wakili wa upande wa pili atalisema hilo mapema tu.

La pili ndilo watu wengi hawalijui. Marekani, kupitia sheria ya America Invents Act ya 2011, tangu Septemba 2012 mtu yeyote anaweza kumpelekea mkaguzi nyaraka kuhusu ombi la mtu mwingine, na ukipeleka mara ya kwanza nyaraka zisizozidi 3 hulipi kitu. Lakini muda unabana: ndani ya miezi 6 tangu ombi lichapishwe, au kabla mkaguzi hajalikataa kwa mara ya kwanza, lile litakalochelewa, na kwa vyovyote kabla halijakubaliwa. Ofisi ya Patenti ya Ulaya nayo inapokea maoni ya watu wa nje bure, na jina si lazima.

Sisi tulitengeneza jedwali, kushoto tukaweka kila kipande cha dai (sehemu ya ombi inayosema ni nini hasa kinaombewa haki), mfano "kulinganisha alama ya kila kipande cha faili kabla ya kukituma", kulia sentensi yenyewe kutoka barua pepe ya zamani na tarehe yake. Basi. Usianze kuandika kwamba hiyo patenti ni upuuzi au kwamba ikataliwe, kazi yako hapo ni kuonyesha andiko linasema nini, hukumu ni ya mkaguzi. Na kusoma madai kunachosha kweli, kwa hiyo gawaneni, kila mtu achukue eneo analolijua, atafute kwenye hazina za patenti za mtandaoni, Espacenet au Google Patents, mara kwa mara, ni bure zote.

Kuna mambo ya ulinzi pia, leseni kama Apache 2.0 na GPL toleo la 3 zina vipengele vya patenti, na Open Invention Network iliyoanzishwa 2005 inawakutanisha wanaokubaliana kutoshitakiana kuhusu mfumo wa Linux. Jiungeni, ni vizuri, ila kwa maoni yangu haisaidii sana dhidi ya kampuni isiyotengeneza chochote, inayoishi kwa kushitaki tu, huna cha kuirudishia. GNOME, mradi wa programu huria, walikutana na kampuni ya namna hiyo 2019 kwa ajili ya programu yao ya picha, Shotwell. Wangeweza kulipa wakanyamaza, badala yake wakachangisha zaidi ya dola 150,000 wakapambana, na 2020 makubaliano yakazilinda programu zote zenye leseni huria, sio yao tu. Huo ndio moyo ninaoutaka.

Na sheria zenyewe zinabadilika watu wakijitokeza. Julai 2005 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la patenti za programu kwa kura 648 dhidi ya 14, baada ya madevelopa na biashara ndogo kuwafuata wabunge kwa muda mrefu. Kwa hiyo ofisi ya patenti ikifungua nafasi ya maoni, usitume waraka wa kunakili wenye kaulimbiu za uhuru, andika kuhusu projekti yako: kipengele gani cha programu mlikiondoa kwa kuogopa barua ya wakili, nani aliacha kuchangia, na andiko gani la zamani mkaguzi angeliona mapema, hiyo patenti isingetoka.