Kipato kinapokatika, hesabu vidonge vya mzee wako

Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi katika pwani ya mashariki ya Unguja ilifungwa mwishoni mwa Machi 2020, watalii walipokoma, nasi wafanyakazi tukarudi majumbani tukiwa na ahadi tu ya kuitwa tena. Mshahara ule ndio uliokuwa ukimtunza mama yangu, aliyekuwa na miaka 74, pamoja na shilingi 20,000 za pencheni jamii ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuilipa Aprili 2016 kwa wakaazi waliofikia miaka 70, hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Nilijua kwamba chakula kitapungua, kwa hiyo nikakopa dukani ili mchele, unga na mafuta visikosekane kwake, kisha nikalala usingizi.

Ramadhani iliingia mwezi uliofuata. Jioni moja baada ya futari mama aliinuka akapata kizunguzungu, akashika ukuta. Nilipomuuliza kuhusu dawa zake za presha, alifungua pembe ya kanga akanionesha vidonge, kila kimoja kimekatwa nusu kwa kisu, kwa sababu dawa ya mwezi mmoja alitaka imfikishe miezi miwili. Hakuwa amemwambia mtu. "Nakuona unavyohangaika, mwanangu," alisema, na hakuongeza neno.

Kwa hiyo usimuulize mzee wako kama dawa zipo, kwa kuwa atakujibu kwamba zipo, na wala hatakuwa amesema uongo. Hesabu zilizobaki, ulinganishe na tarehe aliyozichukua, na ukiona hazilingani mpeleke kituo cha afya, kwani daktari anaweza kumwandikia dawa ya bei nafuu zaidi, uamuzi ambao si wa kufanywa jikoni kwa kisu.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua, na hapo mwenye kosa nilikuwa mimi. Pencheni ya mama, ambayo zamani aliitumia apendavyo, tulianza kuichukua kulipia umeme na madeni ya dukani, naye aliitoa bila kunung'unika. Baada ya miezi kadhaa jirani mmoja akaniuliza kama mama anaumwa, maana haonekani tena misibani. Mama alikuwa akisingizia magoti, kumbe hakuwa na fedha ya ubani, na mtu wa umri wake, aliyezoea kutoa kila mahali anapokwenda, huona ni afadhali abaki ndani kuliko kuingia kwenye msiba mikono mitupu. Tulikuwa tukimlisha vizuri huku tukimtenga na watu wake. Sijui ni daktari gani angeweza kuligundua hilo kwa kumpima presha. Nakushauri basi, hata ukiwa umebanwa namna gani, umwachie fedha kidogo mkononi mwake, na usimuulize amezitumia wapi.

Usidhani pia kwamba shida inakwisha mara tu kazi zinaporudi. Mimi niliitwa tena kazini, lakini mwaka 2022 mafuta ya kula na unga wa ngano vilipanda bei sana, ilhali pencheni ilikuwa bado shilingi 20,000 zile zile za mwaka 2016, mpaka ilipopandishwa kuwa 50,000 mwaka 2023. Mshahara wangu ungeweza kuongezeka kwa kufanya kazi za ziada, lakini mzee wa miaka 76 hana zamu ya usiku ya kuomba. Nilipogundua hilo nilianza kumwongezea fedha kila bei ya mchele ilipopanda, bila kusubiri aseme.

Vidonge navihesabu mpaka leo, kila Ijumaa baada ya sala, na yeye hunicheka akisema nimegeuka karani wa forodhani.