Kabla Hujaikabidhi Akili Mnemba Simu ya Zahanati Yako

Tabibu mmoja mwenye zahanati yake ametuma ujumbe mfupi: "Nataka roboti ya WhatsApp ijibu wagonjwa usiku, mimi nilale. Ninunue ipi?"

Swali limeanzia mkiani. Roboti ya kujibu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kijana anayejua kazi atakuunganishia kwa siku mbili na utaipenda. Kinachosumbua ni ncha mbili ambazo hakuna anayeziuza: kile kinachoingia, yaani maneno ya mgonjwa na vipimo vyake, na kile kinachofuata baada ya mashine kusema huyu ni wa hatari. Ukizijenga ncha hizo, modeli yoyote nzuri ya leo, yaani ile akili mnemba inayomtungia roboti majibu, itakufaa. Ukiziacha, hata iliyo ghali kuliko zote itakuumbua mbele ya wagonjwa wako mwenyewe.

Chukua lugha kwanza, maana ndipo wengi mnapopita mbiombio. Mgonjwa haongei kitabu. "Homa" yaweza kuwa joto la mwili, mafua, au malaria aliyojipima kwa hisia. "Presha" kwa mmoja ni shinikizo la damu, kwa mwingine ni moyo kwenda mbio baada ya habari mbaya, na "presha imeshuka" mara nyingi ni kizunguzungu tu. "Kichomi" ni maumivu ya kuchoma ubavuni, lakini pia ndiyo nimonia yenyewe. "Moyo unaniuma" huku mkono uko chembe ya moyo pengine ni tumbo. Na wapo ambao ni moyo kweli, hao ndio usiotaka kuwakosa. "Yutiai" (UTI, maambukizi ya njia ya mkojo) siku hizi ni jina la kila maumivu ya chini ya kitovu. Degedege nalo, familia nyingine hawatalitaja hadi uulize, kwa kuwa wameshalipeleka kwa mganga.

Kwa hiyo usimwachie roboti akisie. Kaa na muuguzi wako mkongwe, andikeni maneno 60 hadi 100 ya namna hiyo, na kila neno mlipe swali moja la kulifungua. Homa: "Umempima kwa kipimajoto? Kimesoma ngapi, kwapani au mdomoni?" Kama hana kipimajoto, irekodiwe "joto kwa kugusa", isibuniwe namba. Presha: "Ulipimwa kwa mashine? Namba ya juu ngapi, ya chini ngapi, lini?" Moyo: "Weka kiganja panapouma, kiko juu au chini ya chuchu?" Orodha hiyo iingie kwenye maelekezo ya kudumu ya modeli, na swali liulizwe kila neno linapotokea, hata kama modeli inajiona imeelewa.

Ujumbe wa sauti una mtego wake. Kiswahili hubeba ukanushi mwanzoni mwa neno, kwenye silabi fupi inayomezwa na kelele za bodaboda. "Hanyonyi" ikiandikwa "ananyonya", mtoto wa hatari amegeuka mzima. Ndivyo ilivyo kwa "hajakojoa" na "amekojoa". Namba nazo huponyoka: thelathini na saba, thelathini na tisa. Dawa yake ni kurudia: roboti iandike kwa ufupi ilichosikia na kungoja jibu. "Nimeelewa: mtoto HANYONYI, joto 39. Sahihi?" Inachosha kidogo. Ichoshe.

Halafu kuna saa. Hili lina uwezo wa kuua na hakuna tangazo la programu utakaloliona likilitaja. Mama amempa mtoto dozi ya kwanza ya dawa mseto ya malaria saa nne asubuhi. Dozi ya pili inatakiwa baada ya saa 8, ambayo ni saa kumi na mbili jioni. Modeli inayofikiri kwa saa za Kizungu itamwandikia "saa 6 jioni". Saa sita jioni haipo. Mama atafanya anachoelewa, yaani saa sita usiku, na mtoto atakuwa amekaa saa 14 bila dawa. Upande wa pili, "degedege limeanza saa nane usiku" litaandikwa kwenye kumbukumbu kama 20:00, yaani saa mbili usiku, na tukio la saa moja iliyopita linageuka la saa saba zilizopita. Izuie modeli kuandika saa kabisa. Ihifadhi muda kwa mfumo wa saa 24, kisha mstari mmoja wa programu upunguze sita, urudishe namba kati ya 1 na 12, na kuongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kazi ya dakika ishirini.

Kabla ya kufungua mlango, tunga ujumbe 50 wa majaribio kama watu wanavyouandika kweli: "mtt anahara tng jana anatpika", bila nukta, nusu Kiswahili nusu kilugha. Kumi kati yake ziwe na dalili ya hatari iliyofichwa katikati ya maelezo ya mafua. Ikikosa hata moja kati ya hizo kumi, hujafungua.

Dalili za hatari zenyewe usimpe modeli azipime kwa hekima yake. Ziandike kama sheria ngumu kwenye programu. Kwa mtoto chini ya miaka mitano ni zile zile za ukutani kwako: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu. Moja ikijibiwa ndiyo, mazungumzo yanakatika, rufaa inaanza, hakuna swali jingine. Kwa mjamzito: damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, degedege, mtoto kupunguza kucheza, presha kuanzia 140/90, ikifika 160/110 hiyo ni dharura hata kama mama anacheka.

Kikohozi kinadai namba ambayo ni rahisi kuikosea kwa simu: pumzi kwa dakika. Kuanzia 60 kwa mtoto chini ya miezi 2, kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, na kuanzia 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni kasi kubwa. Usimwombe mama video. Mtandao ukiwa dhaifu picha inakwama na kuruka, nawe unahesabu pumzi 34 ambazo kwa kweli zilikuwa 52. Mpigie. Mwambie asubiri mtoto atulie, asiwe ananyonya wala kulia, apandishe nguo hadi kifua na tumbo vionekane. Aweke simu mezani, spika wazi, na kila tumbo linapopanda agonge meza kwa kidole. Wewe unahesabu mapigo hayo ya kidole kwa saa yako, sekunde 60 kamili. Sekunde 15 mara nne hudanganya, watoto wachanga hupumua kwa kusuasua. Ukipata namba ya hatari, hesabu mara ya pili. Hapo ndipo mashine ipewe namba, na itaipokea kwa shukrani kuliko "anapumua haraka kidogo".

Dozi zitoke kwenye jedwali, kamwe zisitoke kwenye kichwa cha modeli. Dawa mseto ya 20/120 (artemether mg 20 na lumefantrine mg 120), baada ya kipimo cha haraka kuonyesha malaria, huenda kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na zaidi vinne, asubuhi na jioni kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Uzito usiojulikana haukadiriwi na roboti. Mtoto aje apimwe. Kwa kuhara, zinki 20 mg kwa siku siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6, na ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Kosa la ORS ni la jikoni: mtu anamimina pakiti nzima kwenye kikombe na mtoto anakunywa chumvi. Zipo pakiti za lita moja, zipo za nusu lita. Roboti imwombe mama aisome pakiti au aipige picha, kisha imwambie kwa chupa anazozijua; kwa pakiti ya lita moja: "chupa mbili ndogo za maji, zile za mililita 500".

Sasa ncha ya pili. Mashine imesema nyekundu, yaani huyu ni wa hatari. Nani anaamka?

Kama jibu ni "inamtumia mgonjwa ujumbe aende hospitali", huna huduma, una karatasi ya ukutani inayoongea. Panga hivi: nyekundu inapiga simu, haitumi ujumbe, kwa mtu wa zamu. Dakika 5 zikipita haijapokelewa, inampigia wa pili. Wa pili naye kimya, inakupigia wewe mwenye zahanati. Anayepokea anampigia mgonjwa kwa gharama ya zahanati, kwa sababu bando la mgonjwa limekatika katikati ya maelezo, litakatika tu. Kwa Tanzania, mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga wana namba 115 ya m-mama ya usafiri wa dharura. Iwe kwenye simu ya mtu wa zamu na aipige yeye mwenyewe badala ya kumtumia mama ambaye tayari anatetemeka. Kituo kinachopokea kiambiwe kabla mgonjwa hajafika.

Kwa hiyo, tabibu, kulala utalala, ila kwa zamu. Usiku roboti ifanye mambo matatu: ikusanye maelezo, ikamate hatari, impangie miadi asiye na haraka. Isiandike dawa.

Wanaotaka mfano wa namna ya kuiweka mashine mahali pake watazame Penda Health ya Nairobi. Hizo ni kliniki za ana kwa ana, si za simu, lakini somo linahama. Chombo chao cha AI Consult kimekaa ndani ya faili la mgonjwa, mgonjwa haongei nacho. Tabibu anaandika, chombo kinasoma kimyakimya: kijani hakisemi kitu, njano ni angalizo unaloweza kulisoma ukitaka, nyekundu inakusimamisha uisome kabla ya kuendelea. Uamuzi ni wa tabibu. Matokeo yaliyotangazwa 2025, katika mahudhurio 39,849 kwenye kliniki 15, yalionyesha makosa ya utambuzi wa ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13 ukilinganisha na matabibu wasiokuwa nacho. Na hawakukiwasha tu wakaondoka. Waliwekeza katika kuwafundisha na kuwahimiza matabibu wakitumie. Anza hivyo wewe pia, kabla ya kumwachia roboti usiku: miezi mitatu ya kwanza mashine imwongoze muuguzi anayepokea simu, isiongee na mgonjwa.

Rwanda walifika mbali zaidi kwa simu ya kitochi. Babyl, iliyoanza huko 2016, ilimfikia mtu kwa *811#, muuguzi akapiga, daktari akafuata, msimbo wa dawa au kipimo ukaja kwa ujumbe mfupi. Waliojiandikisha walizidi milioni 2. Mwaka 2023 kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ikaanguka na huduma ikafungwa. Ndiyo maana mkataba wako na muuza programu uwe na kifungu cha kumbukumbu: nakala kamili kwako kila wiki, katika faili linalofunguka bila programu yake. Mwulize kabla ya bei. Akianza kuzungukazunguka, funga simu.

Kumbukumbu zenyewe zina kasoro ya nyumbani kwetu: namba ya simu si mgonjwa. Simu moja inabeba bibi, mama na watoto watatu. Roboti isipouliza kila mara "Leo tunamhudumia nani? Ana umri gani?" itachanganya sukari ya bibi na kikohozi cha mjukuu. Na majibu ya siri, VVU au ujauzito, hayatumwi kwa maandishi kwenye simu ya ukoo; tuma "Tafadhali piga zahanati" basi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na zote mbili zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jisajili, chukua ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida, na ujue seva inakaa nchi gani.

Ukishaanza, kila Ijumaa kaa na muuguzi msome mazungumzo 30. Nyekundu zote, njano chache, na kumi za kijani zilizochaguliwa bila kupendelea. Hizo za kijani wapigieni simu: "Unaendeleaje? Ulikwenda kituo kingine?" Wengi watashangaa mmewakumbuka. Ukimpata mmoja aliyelazwa siku iliyofuata, tafuta neno lake la kwanza alilotumia, uliweke kwenye orodha na swali lake, kisha rudia majaribio yote 50 kabla ya Jumatatu.